Samaki Mwenye Mshono

Kituoni, 3 Agosti

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama: namchunguza Mjomba.

Nimeandika sentensi hiyo nikaikata, kisha nikaiandika tena. Unajua jinsi alivyonichukua hapa kituoni mara tu nilipomaliza shule, wakati wenzangu bado wanazunguka hawajui washike lipi. Alinipa buti, aproni na kisu, akanionyesha meza yangu. Akasema mbele ya wote, "Hapa huna haja ya kuongea na watu. Utaongea na matumbo." Wakacheka. Tangu siku hiyo wananiita Redio, kwa sababu siongei.

Kazi yangu ni kuwapasua samaki wanaoletwa na boti na kuangalia wamekula nini. Wengi ni yule samaki mgeni, ambaye sisi tunamwita mfukuaji. Ana magamba makubwa na sharubu fupi kwenye pembe za mdomo. Hakuna anayejua nani alimleta katika ziwa hili. Anaingiza mdomo kwenye tope na kufukua kama nguruwe, anang'oa majani, anafyonza mayai ya perege, na maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Kituo chote kina kazi moja tu: kumpunguza huku chini, na kuhakikisha hapandi mto hadi ziwa la juu, huko kwenu, ambako bado hajafika. Ndiyo maana kumejengwa kile kizuizi cha nondo mtoni. Mjomba anasema ziwa la juu likiingiliwa tumekwisha, maana huko ndiko perege wetu wanakozaliana kwa amani.

Sasa sikiliza. Jumatatu niliwahi kufika kabla ya wengine. Mlango wa stoo ya nyavu ulikuwa wazi kidogo. Mjomba alikuwa ameinamia karai, na ndani ya karai alikuwamo mfukuaji mzima, amelegea kama mlevi, mdomo unafunguka na kufungwa. Mjomba alikuwa anamshona tumbo. Anamshona, dada! Kwa sindano iliyopinda na uzi mweusi, taratibu, kama mama anavyoshona kifungo cha shati. Alipomaliza akamtia kwenye ndoo, akampeleka gatini, akamshikilia majini mpaka akachangamka. Kisha akamwachia.

Akamwachia aende zake ziwani. Na sisi kila asubuhi tunaambiwa hata kifaranga kimoja kisirudi majini!

Nilijibanza nyuma ya mapipa. Alipita karibu nami akiimbia puani. Baadaye akanisalimia kama kawaida, "Haya Redio, umeamka na habari gani?" Nikatikisa kichwa.

Nimewaza mengi. Labda hataki kazi iishe, maana wafukuaji wakiisha kituo kitafungwa. Labda amemtia kitu tumboni yule samaki na anampelekea mtu. Naona aibu hata kumtazama usoni. Wewe ndiye pekee ninayeweza kumwambia. Ningepiga simu, lakini kwenye simu maneno hunipotea, halafu anayepokea siku zote ni shemeji. Barua hii nampa dereva wa lori la maziwa.

Niambie nifanye nini.

Mdogo wako


Nyumbani, ziwa la juu, 9 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka shemeji yako akauliza kulikoni. Mjomba anashona! Mtu ambaye suruali yake ikichanika anaibana kwa pini mpaka mke wake aone huruma! Ningelipa nauli kuja kutazama.

Lakini umefanya vizuri kuniambia. Mama usimwambie, presha itampanda bure. Mjomba naye usimuulize, watu wazima hawapendi kuulizwa na watoto. Wewe fumba mdomo, jambo ambalo najua unaliweza kuliko mtu yeyote duniani, na fumbua macho. Kila unachokiona niandikie mimi.

Kwa mfano, akitoka na boti anaelekea wapi? Anafika mpaka kwenye kizuizi? Ana mpango wa kuja huku kwetu, na lini? Nauliza tu nisije nikamkosa. Mjomba hajakanyaga hapa tangu harusi, na ningependa kumpikia.

Sisi hatujambo. Mtoto ameota meno ya juu, sasa ananing'ata kama ananidai. Shemeji yako amechimba mabwawa mawili, moja mbele ya nyumba na jingine nyuma, karibu kabisa na ziwa. Anafuga samaki. Anashinda huko nyuma kutwa, hata nimemwambia afunge ndoa na bwawa, mimi niwe mke mwenza.

Andika upesi.

Dada yako


Kituoni, 17 Agosti

Dada,

Shikamoo. Barua yako imenipa nguvu. Nilidhani utasema nimechanganyikiwa.

Umeniuliza Mjomba anaelekea wapi. Anapanda mto, peke yake. Anachukua kitu kama antena ya televisheni ya zamani, anavaa spika masikioni, anazima injini na kukaa kimya. Anaigeuza antena kushoto, anaigeuza kulia, anasikiliza. Fundi wa injini anasema anasikiliza mpira. Mpishi anasema hapana, mtu hasikilizi mpira kwa uso ule, labda timu yake inafungwa. Mimi sikucheka. Juzi nilitumwa kumpelekea chakula kando ya mto, nikamkuta ameegesha boti kwenye kizuizi chenyewe, antena ameielekeza kwenye nondo, anatabasamu peke yake. Aliponiona akazivua zile spika haraka na kuziweka chini ya koti.

Kuna mtu anaongea naye, dada. Nani anakaa upande wa pili wa kizuizi?

Na kuna jingine. Jana alisimama mezani kwangu wakati napasua. Akauliza kama mtu anayepiga soga, "Dada yako nasikia siku hizi ana mabwawa. Anafuga samaki gani?" Nikajibu, "Perege." Kwa nini nilijibu hivyo? Wewe hukuniambia ni samaki gani. Lilinitoka tu, kama vile napaswa kukulinda, na sijui nakulinda na nini. Akasema "Aha," akaondoka.

Umeuliza pia kama atakuja. Atakuja. Nimeona ubaoni: Alhamisi ijayo yeye na vijana wawili wanakagua mabwawa yote ya huko juu, moja baada ya jingine. Hawajawatangazia wenye mabwawa. Mimi nabaki hapa na matumbo yangu.

Mpikie basi, labda akishiba atakuambia ukweli.

Mdogo wako


Nyumbani, 20 Agosti

Mdogo wangu,

Naandika mbiombio, lori linasubiri. Asante kwa habari ya Alhamisi. Ulimjibu vizuri, ni perege.

Sasa nisikilize kwa makini. Ukimwona tena samaki mwenye mshono, muue. Usimwonyeshe mtu. Chochote utakachokikuta tumboni mwake kitupe chooni. Kama kweli Mjomba anawarudisha wafukuaji ziwani, wewe ndiye utakuwa umeliokoa ziwa, na siku moja watu watakushukuru. Usiogope, ni samaki tu.

Barua hii ukishaisoma ichane.

Dada yako


Kituoni, 2 Septemba

Dada,

Nimefanya ulivyosema, na sijui nianzie wapi kukueleza.

Jumanne boti ilileta samaki waliovuliwa mtoni, chini kidogo ya kizuizi. Katikati ya lundo nikaona uzi mweusi. Alikuwa bado hai. Vijana walikuwa wanakunywa chai. Nilimpiga kwa rungu dogo tunalotumia, nikamkata pale pale kwenye mshono. Ndani kulikuwa na kidude kama kidonge kikubwa, kina mkia wa waya mwembamba. Nikakifunga kwenye kiganja, nikaenda chooni, nikakitupa.

Baada ya chakula Mjomba akatoka ziwani mbio. Alikuwa amevaa zile spika na antena ameinyoosha mbele kama kipofu na fimbo. Alipita gatini, akapita karibu na meza yangu, akazunguka jiko, akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni pa choo. Akasimama hapo anasikiliza. Kituo kizima kilikufa kwa kicheko. Fundi wa injini akapiga kelele, "Mkuu, mpishe, samaki naye ana haja!" Mpishi alikaa chini kabisa.

Mjomba hakucheka. Akageuka akasema, "Nani?"

Nikanyoosha mkono, kama darasani.

Aliniita stoo. Nilidhani atanifukuza. Akakaa juu ya nyavu, akavua kofia, akasema, "Huyo alikuwa mpelelezi wangu." Ndipo akanieleza. Anachukua mfukuaji dume, anamhasi ili asiweze kuzaa, anamtia kile kidude tumboni, anamwachia. Kidude kinatoa mlio. Ukifika wakati wa kuzaliana wafukuaji hukusanyika, na sisi hatujui wapi, lakini samaki mwenzao anajua. Anawafuata, Mjomba anaufuata mlio, kisha boti inakwenda kutega nyavu hapo hapo. Wale tuliowavua kwa wingi mwaka jana walionyeshwa na wapelelezi. Na mimi nimemponda mmoja kichwa.

Nikamuuliza (niliuliza, dada, kwa sauti!) kwa nini anafanya kwa kujificha. Akasema, "Kwa sababu humu ndani kuna mtu anatoa habari." Akasema siku ile ya ukaguzi walikuta kila kitu kimeandaliwa. Kwenu aliona bwawa la mbele lina maji mapya na perege wachache wanaoshangaa kama wageni waliofika usiku. Nyuma hakupelekwa, aliambiwa ni matope tu. Sasa anamshuku dereva wa lori la maziwa, kwa sababu anapita kote. Asubuhi alimkaripia bila kosa, maskini.

Halafu akasema neno ambalo halinitoki. Yule mpelelezi, kabla sijamuua, alikuwa ameganda kwenye kizuizi siku nyingi, anasukuma nondo kwa pua. Mjomba alikuwa anasikiliza hilo. "Samaki hasukumi chuma bure," akasema. "Maji yanamletea harufu. Huko juu kuna majike."

Dada, nisamehe kuuliza. Bwawa lako la nyuma lina samaki gani? Nijibu kwa neno moja tu.

Mdogo wako


Nyumbani, 8 Septemba

Shemeji yangu mpole,

Habari za kazi? Usishangae kuona mwandiko wangu. Dereva alinikabidhi mimi barua yako, maana dada yako alikuwa na mtoto mgongoni na unga mpaka kwenye viwiko. Sisi ni familia, hatufichani kitu, kwa hiyo nikaifungua.

Ulitaka neno moja. Haya: perege. Umefurahi?

Ungekuja mwenyewe ukaona! Nimefuga kuku, nimefuga mbuzi, lakini sijawahi kuona mifugo yenye bidii kama hii. Wanakula chochote. Lile bwawa la nyuma lilikuwa linanisumbua kwa majani, nikawa nashinda kiunoni majini nayang'oa. Siku hizi wameyang'oa wenyewe yote, wamenipunguzia kazi. Na maji, ambayo zamani uliona hata kokoto chini, sasa yamekolea kama chai ya maziwa, huuoni mkono wako. Ni rutuba hiyo, shemeji. Waambie wataalamu wako.

Hayo ya kushona samaki na kuvaa spika kichwani, mwambie Mjomba apumzike, umri umeenda. Ataanza kusikia mlio hata kwenye sahani. Mimi ni mkwe wake, sitaki kubishana naye, lakini bwawa ni langu na ardhi ni yangu. Hata akirudi hatakuta kitu. Maji yana njia zake za kujisafisha.

Na wewe punguza barua. Binti wa umri wako akiandika sana watu wanaanza kujiuliza anamwandikia nani. Dada yako anakusalimu, ana kazi nyingi, hatapata nafasi ya kuandika.

Shemeji yako mpendwa


Kituoni, 12 Septemba

Dada,

Nimemwambia dereva barua hii akupe wewe mkononi, na kama hupo airudishe. Amekubali ingawa Mjomba bado anamnunia kwa kosa langu.

Barua ya shemeji niliisoma mezani kwangu, mbele yangu yuko mfukuaji nusu amepasuliwa. Dada, perege hang'oi majani. Perege hatibui maji yakawa chai ya maziwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuandikia nani anafanya hivyo, katika barua ya kwanza kabisa. Shemeji hakujua kwamba alikuwa ananijibu kweli.

Nimekaa nikazipanga barua zako kichwani, kwa sababu za karatasi nilizichana zote ulipoagiza nichane ile ya mwisho. Uliniuliza kama Mjomba anafika kwenye kizuizi. Nikakuambia. Uliniuliza anakuja lini. Nikakuambia, na siku. Ulisema unataka kumpikia. Alikuja, akasema mlimpa maji ya kunywa amesimama. Uliniambia nimuue samaki. Nikamuua.

Mtu anayetoa habari humu ndani ni mimi.

Nilikuwa namchunguza mtu asiye na kosa na kila kitu nilikuwa nakipeleka kwa wenye kosa, tena kwa mwandiko mzuri. Ulipocheka ile barua yangu, ulicheka kweli? Au hata kicheko mlikiandika wawili?

Mawingu yameanza kukaa upande wenu. Lile bwawa liko karibu kabisa na ziwa, umeniambia mwenyewe. Mvua moja kubwa tu, ukingo ukimegeka, wanaingia. Na wakiingia ziwa la juu hakuna wavu, hakuna mpelelezi, hakuna Mjomba wa kuwatoa. Nimepasua matumbo ya kutosha kujua wanavyokula. Wataanza na mayai.

Sijamwambia Mjomba. Nasubiri useme wewe.

Mdogo wako


Nyumbani, 19 Septemba

Mdogo wangu,

Ni kweli.

Naandika nimekaa kwenye banda la kuni na mtoto ananyonya. Yeye yuko bwawani. Barua hii nitaipeleka mwenyewe barabarani.

Alikuja mtu na pipa nyuma ya pikipiki, anauza vifaranga. Alisema ni aina mpya, wanakua haraka. Vikiwa vidogo vile, nani angejua? Walipoota sharubu tukajua. Nikamwambia shemeji yako tuwatoe, tuwazike. Akasema tusubiri wakue kidogo tuwauze, kisha ndiyo tutawatoa. Kila mwezi ni kidogo tena. Halafu ikaja barua yako.

Kile kicheko kilikuwa changu. Ule ulikuwa ukweli. Lakini maswali alinisomea yeye, nikaandika. Ile ya kumuua samaki niliiandika amenisimamia begani. Ningeweza kukataa. Sikukataa. Nilijiambia wewe ni mtoto, hutagundua, na mimi nitakuwa na nyumba yenye amani.

Sasa sikia. Amesikia kwamba Mjomba atarudi na chokaa ya kuua samaki bwawani. Juzi kanunua bomba nene, amelilaza kutoka bwawa la nyuma mpaka ziwani na kulifukia kwa nyasi. Jumapili, wavuvi wakiwa hawako ziwani, atafungua koki. Anasema wakishaingia ziwani hakuna atakayeweza kusema walikuwa wa nani. Anasema hivyo huku anakula, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema atakata nyasi. Nikamwambia, watu wote hapa wanakula kutoka ziwa hili, na mtoto wako naye. Akaniambia, "Unataka nifungwe?"

Sitaki afungwe. Na sitaki afungue. Nimeuficha mkono wa koki ndani ya pipa la unga. Ananiangalia. Ananifuata hata nikienda kuanika nguo. Akiukosa atalikata bomba kwa panga, kwake ni sawa.

Usimwambie Mjomba, nakuomba. Kama sitaki umwambie, basi hata sijui kwa nini nakuandikia.

Usinijibu. Barua yoyote itakayokuja sasa ataisoma yeye.

Dada yako


Kituoni, 20 Septemba, asubuhi

Shikamoo Mjomba,

Leo nimesimama mlangoni kwako mara nyingi mpaka ukasema, "Redio, ukiwa na matangazo tangaza." Nikasema nimekuja kuchukua ndoo. Ukanipa. Sasa nina ndoo tatu na bado sijasema. Kwa hiyo naandika, na karatasi hii nitaipitisha chini ya mlango. Tafadhali isome yote kabla hujaniita.

Mtu anayetoa habari si dereva wa lori la maziwa. Ni mimi. Nilikushuku, nikamwandikia dada kila ulichofanya: kushona, antena, siku ya ukaguzi. Kumuua mpelelezi wako niliagizwa kwa barua. Sikujua naandika kwa nani. Tafadhali mwombe radhi dereva, hata kwa kumpa chai tu.

Majike uliosema wako huko juu wapo kweli. Wako kwenye bwawa la nyuma la shemeji, lile uliloambiwa ni matope. Kuna bomba limefukiwa kwa nyasi kutoka hapo hadi ziwani. Kesho kutwa, Jumapili, atalifungua, ili samaki waingie ziwani na ushahidi upotee. Lazima tuwahi leo. Kesho anaweza kubadili siku, na mkono wa koki uliofichwa anaweza kuupata.

Nimefikiria jinsi ya kufanya, utanisahihisha. Tuivute boti kwa gari, na tukifika huko juu twende nayo kwanza upande wa ziwa, tulifunge lile bomba kwa wavu wa matundu madogo na gunia la mchanga juu yake, hata akifungua asiweze kupitisha kitu. Baada ya hapo ndipo upite mbele ya nyumba kubisha hodi. Tukiwatoa wote tutamwaga chokaa mpaka tope la chini, kwa sababu mayai hubaki. Chokaa nimeshapakia. Wavu mdogo pia, na makarai mawili. Fundi wa injini ameniuliza vya nini nikamwambia wewe ndiye umeagiza. Nisamehe kwa hilo nalo.

Kuna mtu aliyeniambia habari za bomba, na unaweza kumjua bila mimi kumtaja. Aliniomba nisikuambie. Nimekaa na ombi hilo usiku wote. Nampenda kuliko mtu yeyote, na alinitumia kama chambo, na yote mawili yananiuma mahali pamoja. Ningeweza kunyamaza, Mjomba. Ndicho kitu pekee ambacho kila mtu anasema nakijua. Lakini nikinyamaza, Jumapili watapita kwenye bomba, na hakuna atakayewarudisha.

Yeye atajua ni mimi. Tukifika atanitazama mara moja tu na atajua, na pengine hatanisemesha tena. Hilo nitalibeba. Lakini anaishi nyumba moja na shemeji, na tukishaondoka na nyavu zetu atabaki naye, mlango umefungwa. Shemeji asijue kwamba kuna barua iliyotoka kwake. Nimeichana na kuitia jikoni, nimesubiri mpaka ikawa majivu.

Kwa hiyo akikuuliza umejuaje, mwambie ni samaki. Mwambie mpelelezi alisukuma nondo, nawe ukafuata upande aliokuwa anasukumia. Shemeji mwenyewe ameshasoma habari hiyo kwa mkono wangu, ataamini. Na wala hutakuwa umesema uongo, alisukuma kweli.

Ukitoka utanikuta nyuma ya gari, juu ya magunia. Usiniite ofisini, nitalia na sitaweza kusema chochote cha maana. Panda tu uwashe. Vijana wakiuliza tunakwenda wapi, jibu wewe.

Na karatasi hii itie motoni kabla hujafunga mlango. Nakuomba, Mjomba: usimwambie mtu nani alikuambia, si leo, si hata siku utakapokuwa umenikasirikia. Mwambie samaki, kila mara, mpaka na wewe uamini.

Mpwa wako